Kupiga picha karakana ya reli na kiwanda kilichofungwa, upande wa Likasi: ruhusa, mwanga, hatari

Mwana_Kamalondo

Jambo yenu ba yaya na ba ndugu wa humu.

Tuko watu watatu hapa Lubumbashi. Mwezi wa saba tunapanga kupiga picha karakana moja ya zamani ya reli, pamoja na jengo la kuoshea mawe ya shaba lililofungwa, upande wa kwenda Likasi. Hatutafuti picha za kutisha watu. Tunataka kumbukumbu: mashine zenyewe, vibao vya hatari, maandishi ya ukutani, vyumba vya kubadilishia nguo, kabla wakata mitraye (wanaokata vyuma chakavu kuuza) hawajamaliza kila kitu.

Tuna kamera moja ya sensa ndogo (APS-C) yenye lenzi ya milimita 18-55, tripodi nyepesi na simu mbili zinazohifadhi picha ghafi (RAW).

Ruhusa inaombwa kwa nani wakati pale hapaonekani mtu? Ndani mna giza, madirisha yanawaka jua, picha inatoka ama nyeusi ama nyeupe, tufanyeje? Barakoa za hospitali zinatosha kwa vumbi? Mwenzetu mmoja anasema tuunganishe na Kipushi na Shinkolobwe kwa safari ileile. Mnasemaje?

Mzee_wa_Njia_ya_Chuma

Mdogo wangu, nianze na la mwisho. Shinkolobwe itoeni kabisa. Ndiko ilikotoka sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya Marekani ya 1945. Mgodi ulifungwa rasmi 1960, uchimbaji ukapigwa marufuku kwa amri ya rais mwanzoni mwa 2004, na Julai mwaka huohuo sehemu yake ikaporomoka ikaua wachimbaji. Barakoa nzuri inazuia vumbi lakini haizuii mionzi inayotoka kwenye mawe yenyewe, na vumbi linalokwama kwenye soli ya kiatu mtaingia nalo nyumbani kwa watoto. Hakuna picha ya kufuata huko.

Kipushi nayo si pahali palipoachwa tena. Mgodi ulisimama 1993, na kwa miaka mingi kazi kubwa pale ikawa kupambana na maji ya chini. Uzalishaji wa zinki umerudi 2024, kwa hiyo ile ni kazi hai yenye ulinzi wake. Juu ya hayo pako mpakani na Zambia, na kamera mpakani ni kesi nyingine peke yake.

Sasa ruhusa. Katanga hii, kuachwa si kukosa mwenyewe. Mali za Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni, zilichukuliwa na serikali 1967 na leo ni za Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Za BCK, kampuni ya reli ya zamani, zilikwenda reli ya taifa, SNCC, yenye makao yake hapa Lubumbashi. Hata jengo lisilo na paa bado limo kwenye daftari la mtu. Tena mara nyingi jengo ni la mmoja na kibali cha madini cha ardhi hiyo ni cha mwingine, kwa hiyo kabla ya kuandika barua ulizeni majina yote mawili. Kanuni ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inampa mwenye kibali haki juu ya eneo lake. Karatasi ya mwenye jengo peke yake haitawafungulia njia huko.

Barua iandikwe kwa Kifaransa, ukurasa mmoja, kwa kurugenzi ya mwenye mali. Muweke majina yenu na namba za kadi ya mpiga kura, tarehe mbili mnazozitaka (ya pili ni ya akiba), majengo gani hasa, picha zitatumika wapi, na orodha ya vifaa pamoja na namba zake za kiwandani. Orodha hiyo ndiyo itakayowatetea mlangoni wakati wa kutoka, mtu akisema lenzi mmeiokota ndani. Pelekeni nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa mrudi nayo. Ombeni pia mtu wa kuwasindikiza: mwenyeji anajua sakafu ipi imeoza. Jibu likija, mjulishe na mkubwa wa kartie, maana zamu akiwaona atampigia yeye kwanza.

Na zamu yupo. Kama hamkumwona, yeye amewaona. Mfuateni mkiwa bado nje, karatasi mkononi, kamera ndani ya begi.

Jambo moja la reli ambalo watu hulidharau: njia za Katanga zilizowekwa umeme zinatumia volti 25,000. Waya wenye kutu juu ya reli iliyoota majani unaweza kuwa na umeme, kwa sababu kipande hicho kinaweza kuwa kimeunganishwa na njia inayofanya kazi. Kaeni mbali nao angalau mita 3, mkihesabu na tripodi na fimbo. Msipande juu ya behewa wala injini, hata kwa picha moja.

Mwanga_wa_Kampemba

Mimi nijibu upande wa picha.

Kwanza jua, maana wengi wanakosea hapa. Lubumbashi iko karibu digrii 11 na nusu kusini ya ikweta. Mwezi wa saba jua la mchana liko kaskazini, digrii 57 hivi juu ya upeo. Kuta zinazotazama kaskazini ndizo zitakazopata jua siku nzima, na za kusini zitakaa kivulini. Ukija Desemba ni kinyume: jua la mchana liko kusini, karibu utosini. Kwa hiyo chukueni dira, tembeeni nje ya uzio siku moja kabla, muandike kila ukuta unatazama wapi. Paa la meno ya msumeno lenye vioo upande wa kusini litawapa mwanga laini ndani mchana kutwa mwezi huo. Vioo vikiwa kaskazini mtapata mistari mikali ya jua sakafuni, basi ndani pigeni asubuhi. Jua linachomoza kama saa 12 na nusu, linazama kama saa 12 jioni.

Tatizo lenu la dirisha jeupe na sakafu nyeusi: tofauti ya mwanga ni kubwa kuliko sensa inavyoweza kubeba kwa pigo moja. Pigeni kadhaa, mziunganishe baadaye kwenye kompyuta. Kamera juu ya tripodi, hali ya mkono (M), ISO 100, tundu f/8, picha ghafi, mizani ya rangi ifungwe Kelvini 5500 isibadilike kati ya pigo na pigo. Kisha badilisheni kasi tu: 1/60, 1/15, 1/4, sekunde 1, sekunde 4. Kila hatua inaongeza mwanga mara nne. Pigo la kwanza lazima lionyeshe fremu za dirisha bila kuungua, la mwisho lionyeshe pembe ya giza. Likiungua anzeni 1/250. Kamera nyingi za bei nafuu zinajipangia mapigo 3 tu, na kwa ukumbi wa kiwanda hayatoshi, ndiyo maana nasema mpange kwa mkono.

Msibadilishe tundu kati ya mapigo, picha hazitalingana. Zimeni kitulizi cha lenzi kikiwa juu ya tripodi, maana chenyewe huweza kuleta mtetemo. Tumieni kihesabu cha sekunde 2 badala ya kubonyeza kwa kidole. Tripodi nyepesi inyoosheni miguu minene tu, ile myembamba ya chini iacheni ndani, na mtundike begi katikati, lisiyumbe kwa upepo. Sakafu ya vyuma inatetemeka mtu akitembea, basi sekunde zote hizo kila mtu asimame.

Fokasi ya moja kwa moja itawasumbua gizani. Kwa lenzi ya 18 mm, f/8, sensa ndogo, lengeni kitu kilicho mita 2 na nusu mbele mkikimulika kwa tochi, kisha mfunge fokasi. Kuanzia kama mita 1.2 hadi mwisho wa ukumbi kutakuwa wazi.

Nguzo zikitoka zimelala, ni kwa sababu mmeinua kamera juu kutafuta paa. Iwekeni sawa kabisa kwa kipima-usawa. Paa lisipoingia, igeuzeni wima, mpige picha 5 au 6 mkizunguka pole pole, kila moja ishike theluthi ya iliyotangulia, mziunganishe. Hivyo 18 mm inatosha, hamna haja ya kununua lenzi pana.

Vibao vya mashine ndivyo vyenye thamani kuliko vyote: jina la mtengenezaji, mwaka, namba. Flashi ya usoni inaviua, chuma kinang'aa herufi zinapotea. Simameni sawasawa mbele ya kibao, tochi iwekwe pembeni karibu igusane nacho, mwanga ukwangue uso wake, herufi zitasimama hata kama rangi imekwisha. Msikwangue kutu kwa kisu.

Na kuna tabia mbaya ya kurusha vumbi ili miale ya jua ionekane. Kwenye viwanda hivi msiifanye. Nawaachia wa vyuma waeleze kwa nini.

Fundi_wa_Likasi

Kwa nini: kwa sababu vumbi la pale si udongo wa barabarani. Mabati ya saruji ya kijivu yenye mawimbi ya zama zile mengi yana asibesto. Hatari zaidi ni ile ganda nyeupe kama chaki iliyofunika mabomba ya mvuke, inayomomonyoka ukiigusa. Nyuzi zake hazionekani kwa jicho, zikiingia kwenye pafu hazitoki, na ugonjwa unakuja baada ya miaka 20 au 40. Ongeza vumbi la shaba, kobalti na risasi.

Barakoa ya hospitali haitoshi, bana, hewa inapita kwenye mashavu. Tafuteni FFP3, barakoa ya kazini inayochuja vumbi laini, au ya mpira ya nusu uso yenye chujio za P3. Ndevu zinaharibu muhuri, mtu anyoe. Mkitoka, pangusa nguo kwa kitambaa chenye maji huku barakoa ikiwa bado usoni, vua nguo, zifunge kwenye mfuko wa plastiki, barakoa iwe ya mwisho kutoka. Nguo zifuliwe peke yake. Msizikung'ute.

Sakafu. Kwenye jengo la kuoshea mawe, njia za juu zilikuwa za wavu wa chuma au bati lenye michirizi. Wakata mitraye wanatoa mabati hayo kwanza kwa sababu ni mepesi kubeba, wanaacha matundu, kisha karatasi na majani yanafunika. Mbaya zaidi, boriti inaweza kuwa imekatwa nusu na kuachwa ikisubiri siku nyingine. Angalieni kingo za mkato: za zamani zina kutu ya kahawia iliyoiva, mpya zinang'aa au zina kutu ya rangi ya chungwa. Mkiona mpya, watu bado wanafanya kazi hapo na hawataki kupigwa picha. Tokeni.

Ngazi ya chuma: kanyageni pembeni karibu na mhimili, mtu mmoja kwa wakati, mikono isiwe na kamera. Kutu ikivimba kati ya mabati mawili hadi inayatenganisha kama kitabu kilicholowa, kiungo hicho hakina nguvu tena, msipande. Juu ya paa msikanyage hata hatua moja, la saruji linavunjika ghafla bila kulia, na vioo vyake vilivyofunikwa na vumbi vinafanana na bati.

Zege pia linadanganya. Palipokuwa na matangi ya asidi, chini limeliwa ingawa juu linaonekana zima. Likiwa na unga wa kijani au mweupe na nondo zimetokeza, zungukeni.

Karakana ya reli ina mtego wake: shimo la kukagulia injini, kati ya reli mbili, kina cha kimo cha mtu karibu. Likijaa maji na mafuta meusi juu yake, linafanana kabisa na sakafu. Kila mmoja awe na fimbo ya mita 1 na nusu, agonge mbele kabla ya kukanyaga. Transfoma zilizopasuliwa msiziguse. Mafuta ya zamani yaliweza kuwa na PCB, sumu inayopita kwenye ngozi. Msipige magoti kwenye madoa yale, miguu ya tripodi mwifute kwa kitambaa cha kutupa.

Tangi, handaki, mfereji wa chini ya sakafu, chumba cha pampu: hamwingii. Chuma kinapopata kutu ndani ya tangi lililofungwa kinakula oksijeni ya humo, na mtu anaanguka bila kusikia harufu yoyote. Chujio ya P3 haisaidii, inachuja vumbi, haitengenezi hewa. Anayeshuka kumwokoa mwenzake anaanguka juu yake. Tunaona mara nyingi watu wawili wanakufa kwa kosa la mmoja.

Viatu vya soli yenye chuma, kofia ngumu, glavu, chanjo ya pepopunda isiyozidi miaka 10. Tochi mbili kwa kila mtu. Watatu ni idadi nzuri: mmoja akiumia, mmoja anabaki naye, mmoja anakwenda kuita. Mtu wa nyumbani ajue saa ya kurudi na nani apigiwe ikipita saa 2 zaidi. Mwezi wa saba nyasi ni kavu na moto wa pori huanza, basi sigara hakuna, na gari liegeshwe pasipo nyasi.

Kivu_Kwetu (Goma)

Naongeza kuhusu hewa, maana huku kwetu jambo hili lina jina lake: mazuku. Ni hewa ya kaboni (CO2) inayotoka ardhini kwenye mabonde na mashimo ya magharibi ya Goma. Ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida, basi inalala chini kama maji. Mtu mzima amesimama anapumua vizuri, mtoto au mbuzi pembeni yake anakufa. Mbaya ni usiku na asubuhi mapema bila upepo. Ukiona mijusi, ndege au wadudu wamekufa kwenye shimo, rudi nyuma upande wa juu. Nyumba zilizozikwa nusu na lava ya Nyiragongo ya tarehe 17 Januari 2002 zina vyumba vya chini ambavyo wapiga picha hupenda sana kushuka. Msishuke. Msitegemee pia kupima kwa mshumaa au kiberiti. Moto unaweza kuendelea kuwaka mahali ambapo hewa tayari inawadhuru, na pale penye gesi inayolipuka ndio utakaowaua.

Popo nao. Kule Durba, mkoa wa sasa wa Haut-Uélé, mlipuko wa Marburg, homa ya virusi inayoua, wa 1998 hadi 2000 ulihusishwa na mgodi wa dhahabu wa Goroumbwa uliokuwa na popo wengi: watu 154 waliugua, 128 wakafa. Ulikwisha mgodi ulipojaa maji. Mkikuta handaki lenye harufu kali na kinyesi cheusi sakafuni, lipigeni picha mkiwa nje.

Kwa wenzangu wa Goma na Bukavu wanaosoma hapa: tangu mapigano ya Januari na Februari 2025, kamera kubwa ndani ya jengo tupu si jambo la kujaribu. Nyumba za zamani za Bukavu, zile za wakati mji ukiitwa Costermansville, zipigwe mkiwa barabarani kwa idhini ya wakaaji. Nyingi zina wakaaji.

Mwana_Kamalondo

Aksanti sana ba yaya wote. Shinkolobwe na Kipushi tumezifuta. Barua tunaandika wiki hii. Swali moja limebaki: picha tukishazipata, tuzipange vipi ili zimsaidie mtu wa miaka 30 ijayo? Na vipimo vya mashine tuvionyesheje?

Mzee_wa_Njia_ya_Chuma

Swali zuri kuliko yote. Tengenezeni fimbo ya kipimo: ubao mwembamba wa mita 1 kamili, mkiupaka rangi nyeusi na nyeupe kila sentimita 10. Simamisheni fimbo kwenye uso uleule wa mashine, si mbele yake wala nyuma, la sivyo kipimo kitadanganya. Pigeni mara mbili, pamoja na fimbo na bila fimbo.

Kila jengo lianze na picha nne za nje, moja kila upande, kisha ukumbi kutoka pembe zote nne, ndipo mashine, ndipo vibao na maandishi. Mtu mmoja asishike kamera kabisa, kazi yake iwe daftari: namba ya picha, mahali, kamera inatazama wapi, saa. Saa ya kamera na za simu zilinganisheni asubuhi kabla ya kuanza. Mkipiga mandhari 60 kwa mapigo 5 ni picha 300, kama giga 8 za picha ghafi, basi kadi ya giga 32 inatosha kwa siku mbili. Usiku uleule fanyeni nakala tatu, mbili kwenye vifaa tofauti na moja ilale nyumba nyingine.

Mkiziweka mtandaoni, ondoeni alama za mahali ndani ya faili. Jina la mji linatosha. Ramani kamili ya karakana yenye shaba ukutani ni mwaliko kwa wakata mitraye. Nyuso za watu mtakaowakuta humo, wachimbaji au wanaoosha mawe, zisionekane bila idhini yao.

Halafu chapisheni picha 20 au 30 kwenye karatasi mpeleke kwa wazee waliofanya kazi pale. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka, na 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka kwa mpango wa kuondoka kwa hiari. Wengi wamezeeka, wengine wametutoka. Mzee akiona mtambo atawaambia uliitwaje kwa Kiswahili cha kazini, nani alikaa kwenye kile kiti, kengele ile ililia saa ngapi. Muulize kwanza kama anakubali kurekodiwa. Majina ya mashine yaandikwe kama anavyoyatamka yeye, na namba ya picha pembeni.

Fundi_wa_Likasi

Na fimbo hiyo ya kipimo iwe ya mbao kweli, isiwe bomba la alumini. Mzee amesema habari ya volti 25,000.